Kuhama na Kuhamishwa: Maneno ya Watu Walioacha Windows

Kwa mafundi wa Kariakoo, kompyuta "hupigwa window". Inapigwa kama vile shati linavyopigwa pasi na sakafu inavyopigwa deki. Ikianza kuwa nzito unairudisha kwa fundi, inapigwa tena, unalipa, unaondoka. Ni kitenzi kisicho na makuu. Hakuna anayetoka pale akisema kwamba maisha yake yamebadilika.

Sasa mtafute mtu aliyeacha Windows akaingia Linux, umuulize ilikuwaje. Hapo vuta kiti kabisa. Atakusimulia kama mtu aliyeokoka, au aliyevuka mpaka usiku, au aliyetoka kwenye ndoa mbaya. Atakuambia alikuwa gizani. Atakutajia mwaka, na wengine watakutajia mpaka siku. Kazi iliyofanyika ni ile ile ya fundi wa Kariakoo: diski imefutwa, mfumo endeshi mmoja umetoka, mwingine umeingia. Ila maneno si yale yale hata kidogo.

Mimi ni mtu wa maneno kuliko kuwa mtu wa kompyuta, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza maneno haya yalitoka wapi, na yaliwafanyia nini waliyoyatumia. Maana maneno hayakai bure. Ukisema umeokoka, basi aliyebaki nyuma ni mwenye dhambi, na siku ukirudi ulikotoka utaitwa mwasi. Ukisema umehama, basi kuna mizigo uliyoiacha, na kurudi si dhambi. Ukisema umehamishwa, hapo tayari kuna mtu mwingine ndani ya hadithi, na ni haki tumuulize ni nani. Historia ya miaka 40 ya programu huria unaweza kuisoma yote kupitia vitenzi hivyo vitatu.

Kwa msomaji asiye na habari na mambo haya: mfumo endeshi ni ile programu inayoamka ukibonyeza kitufe cha kuwasha, na ambayo programu nyingine zote zinasimama juu yake. Windows ni ya Microsoft, na maandishi yake ya ndani, yaani chanzo chake, yamefungwa. Linux chanzo chake kiko wazi. Yeyote anaweza kukisoma, kukirekebisha na kumgawia jirani.

Tuanze na mnyama. Tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman, mwandishi wa programu wa Massachusetts Institute of Technology, alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima ulio huru. Unix, uliokuwa ukitumika sana vyuoni, ulikuwa na wenyewe. Yeye angeandika unaofanana nao, lakini usio na mtu wa kumzuia mwingine kuusoma na kuugawa. Akauita GNU. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "GNU si Unix", yaani kifupi kinachojimeza chenyewe kama nyoka anayeuma mkia wake, mzaha wa kawaida kwa watu wa kazi hiyo. Lakini gnu ni mnyama pia. Wazungu walilichukua jina lake kwa Wakhoi wa kusini mwa Afrika. Sisi tunamwita nyumbu, na kichwa cha nyumbu, pembe na ndevu zake, ndiyo nembo ya mradi huo mpaka leo.

Sidhani kama Stallman alikuwa akiiwaza Serengeti. Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, hawezi kuacha kuiwaza. Kwetu nyumbu ni mnyama wa kuhama. Zaidi ya milioni moja wanazaa kwenye nyanda za Ndutu mwanzoni mwa mwaka, wanafuata mvua na majani kwenda magharibi na kaskazini, wanavuka Grumeti na Mara mbele ya macho ya mamba, wanaingia Kenya, halafu wanarudi. Na kwenye Kiswahili cha mtaani nyumbu ni tusi pia, la mtu anayefuata kundi bila kuuliza. Mashabiki wa timu moja kubwa ya Uingereza wanalijua tusi hilo vizuri sana. Naomba ukae na maana zote mbili, maana tutazihitaji. Kuhama kwa nyumbu ni mduara, na si kila nyumbu anayeingia majini anajua kwa nini anavuka.

Baada ya mnyama kuna neno lililowatesa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1985 Stallman alianzisha taasisi ya kutetea programu za aina hii, na katika jina lake akaweka neno la Kiingereza "free". Neno hilo limebeba mizigo miwili: huru na bure. Tangu hapo amekuwa akieleza kila ukumbi kwamba watu wafikirie uhuru wa kusema, wasifikirie bia ya bure. Watu wakawa wanaitikia kwa kichwa, kisha wanauliza inagharimu kiasi gani.

Kiswahili hakina shida hiyo. Huru ni huru, bure ni bure, na mtoto wa darasa la pili hawezi kukuchanganyia. Tena bure kwetu ina ladha ya mashaka. Tunasema "mtu bure", "kazi bure", "amekufa bure". Kitu cha bure tunakipokea, lakini tunakigeuza geuza mkononi kwanza.

Kisha tuna neno la tatu, ambalo Kiingereza kililazimika kulitafuta. Januari 1998 kampuni ya Netscape ilitangaza kwamba itafungua chanzo cha kivinjari chake. Muda mfupi baadaye, tarehe 3 Februari, kikao kidogo kilikaa Palo Alto, California, kujadili namna ya kuitumia nafasi hiyo. "Free" iliwatisha wafanyabiashara, kwa kuwa mwenye duka akisikia neno hilo anasikia hasara. Christine Peterson akapendekeza waite chanzo wazi. Jina likashika. Kwa Kiswahili tukasema huria, neno tulilokwisha lizoea kwenye soko huria na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992. Angalia linavyofanya kazi humo. Soko huria halimaanishi soko ambalo kila anayeuza ni mtu huru. Linamaanisha mlango haujafungwa, ingia, ukiweza. Huria inazungumzia mlango, na huru inazungumzia mtu anayepita mlangoni.

Kwa hiyo ugomvi uliowagawa wenye Kiingereza, kati ya Stallman na wale wa Palo Alto, kwa Kiswahili unasemeka kwa sentensi moja: wengine walitaka programu iwe huru, wengine iwe huria, na umma ukasikia bure.

Turudi kwenye vitenzi. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia, kwamba anaandika mfumo endeshi kama mchezo wa wakati wa mapumziko, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa kama GNU. Yeye alitaka kuuita Freax. Ari Lemmke, aliyempa nafasi ya kuuweka kwenye seva, akaliita jalada lake Linux, na jina likabaki hivyo. GNU ilikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kiini, na mchezo wa Torvalds ulikuwa kiini. Vikaoana. Waliohamia mwanzoni hawakutoka Windows. Walitoka Minix na Unix, walikuwa watu wa kazi hiyo hiyo, na hawakuhitaji lugha ya kuokoka. Mtu akitoka chumba kimoja cha karakana kuingia kingine hatoi ushuhuda.

Ushuhuda ulikuja pale watu wa kawaida walipoanza kualikwa, na lugha yake ilikuwa imeshatengenezwa na watu wengine. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala ya kuwasihi wahandisi waache "vita takatifu" juu ya mpangilio wa namba ndani ya mashine, na majina ya pande mbili akayatoa kwa Jonathan Swift, kwenye Gulliver's Travels, kule ambako mataifa yanapigana kwa sababu ya upande gani wa yai upasuliwe. Istilahi hiyo bado inatumika kwenye uhandisi wa kompyuta, na sidhani kama kuna taaluma nyingine ya mashine inayodaiwa na riwaya kiasi hicho. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 Apple ilikuwa na watu wenye cheo cha mwinjilisti, Guy Kawasaki akiwa maarufu kuliko wote, kazi yao ikiwa kuwashawishi waandishi wa programu waandikie Macintosh. Ukumbuke hilo: uinjilisti kwenye kompyuta ulianza kama mbinu ya mauzo.

Kisha Umberto Eco akaupeleka mzaha huo mbali zaidi. Septemba 1994, kwenye safu yake ya gazeti la L'Espresso, aliandika kwamba dunia ya kompyuta imegawanyika kidini. Macintosh ni Mkatoliki, anamshika muumini mkono hatua kwa hatua mpaka wokovu. DOS ni Mprotestanti, anamwachia kila mtu asome maandiko mwenyewe na kubeba uamuzi wake. Windows akamlinganisha na Uanglikana: ibada kubwa kanisani, lakini mlango wa kurudi kwenye ukali wa DOS uko pale pale. Linux toleo la 1.0 lilikuwa na miezi sita tu tangu litoke. Ungeliweka wapi kwenye ramani ya Eco? Stallman alijibu kwa namna yake. Kwenye mihadhara alikuwa akivaa joho, anajiwekea diski kuukuu kichwani kama nuru ya watakatifu wa kwenye picha, na kujitangaza mtakatifu wa kanisa la Emacs, programu yake ya kuandikia. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, ila nusu tu.

Mimi huo mzaha naupenda. Lakini ulifanya kazi yake kimya kimya. Ulifanya kubadili mfumo endeshi kuwa jambo la moyo wa mtu mmoja mmoja. Ukishindwa kuunganisha printa, tatizo ni imani yako haba. Ukirudi Windows kwa sababu ofisi inataka hesabu ziletwe kwa faili la Excel, umeanguka. Swali la nani aliyekufungia mlango lilipotea, likabaki swali la kama wewe ni mwema.

Kulikuwa na nyakati ambapo swali hilo liliulizwa vizuri. Miaka ya 1990 karibu kila kompyuta uliyonunua dukani ilikuja na Windows ndani, na bei yake ikiwa imeshafichwa kwenye bei ya mashine. Watu wa Linux wakaiita "kodi ya Microsoft". Mkataba wa Windows wenyewe ulisema asiyekubaliana na masharti arudishiwe fedha. Basi tarehe 15 Februari 1999 kundi la watumiaji wa Linux likaandamana hadi ofisi za Microsoft kule Foster City, California, kila mtu na leseni yake ambayo hajawahi kuitumia, kudai hela. Waliambiwa wakadai kwa waliowauzia kompyuta. Hawakupata kitu siku ile, lakini neno walilobeba lilikuwa sahihi kuliko "kuokoka". Kodi ina mtoza kodi. Unaweza kumtaja.

Mwaka huo huo Neal Stephenson alitoa insha yake ndefu In the Beginning... Was the Command Line, na humo akachora barabara yenye maduka ya magari. Moja linauza magari ya familia mabovu mabovu, na ndilo lenye foleni. Hilo ni Microsoft. Pembeni, kwenye mahema, watu wa kujitolea wanaunda vifaru vya kivita visivyoharibika, funguo zikiwa ndani, na wanawaita wapita njia wachukue bila kulipa. Hao ni Linux. Watu wanapita. Anayesimama kidogo anasema hajui kukitunza kifaru. Stephenson alikuwa anaonyesha kwa hadithi kile ambacho sisi tumekibeba ndani ya neno: bure peke yake haimhamishi mtu.

Waliohama kweli walitunga msamiati mwingine, wa chini zaidi, na huo ndio ninaoupenda. Kulikuwa na kufuta, yaani kuisafisha diski yote bila kuacha njia ya kurudi, na waliofuta walijisifu kama manahodha waliochoma merikebu zao ufukweni. Kulikuwa na kuweka mifumo miwili kwenye diski moja, ukiwasha inakuuliza leo unalala wapi. Mwenye nyumba mbili anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa: Linux ya kusomea na kuandikia, Windows ya michezo na ya kazi za ofisi, na moja lazima italalamika kwamba hupiti. Kulikuwa na kuonja, hasa baada ya Mjerumani Klaus Knopper kutoa Knoppix mwaka 2000, Linux iliyokuwa ikiwaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski. Na kulikuwa na kurukaruka, tabia ya mtu aliyekwisha ingia Linux lakini hatulii, leo Debian, kesho Fedora, keshokutwa nyingine. Kwa maneno haya mtu anajaribu, anasita, anapima. Hakuna mwasi humo. Ni lugha ya watu wanaotafuta pa kukaa.

Ila mtihani mkubwa wa kitenzi kuhama haukufanyika kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Ulifanyika München, Ujerumani. Mwezi Mei 2003 baraza la jiji lilipiga kura kuondoka Windows. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatisha mapumziko yake milimani akaenda kumwona meya Christian Ude, na bado hakuzuia. Mradi ukaitwa LiMux. Ulichukua miaka kumi. Wafanyakazi walikuwa na maelfu ya violezo vya barua na fomu vilivyojengwa juu ya programu za Microsoft, na vyote vilitakiwa kuundwa upya, mpaka jiji likaandika programu yake lenyewe ya kazi hiyo. Mwisho wa 2013 kompyuta takriban 15,000 zilikuwa zinatumia Linux. Ulimwengu wa programu huria ulishangilia. Kisha meya akabadilika, malalamiko yakakusanyika, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama ukaandika tena kwamba programu huria zipewe kipaumbele inapowezekana.

Kwa lugha ya kuokoka, hiyo ni hadithi ya uasi na toba. Kwa lugha ya nyumbu ni mduara wa kawaida wa malisho. Kwa upande wangu naona kitu kingine. Karani wa München hakuhama mara zote hizo. Alihamishwa. Alihamishwa kwenda, akahamishwa kurudi, na kila mara alikuta asubuhi barua zake zimehamia mahali asipopajua. Mtanzania hahitaji kufundishwa tofauti ya vitenzi hivyo viwili. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa na nia ya kumkomboa mwananchi, na wazee waliopitia hawasemi "tulipohama". Wanasema "tulipohamishwa". Nia njema ya anayehamisha haibadilishi kauli ya kitenzi.

Huku kwetu hadithi ilianza kwa upole zaidi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu huria ya kuandikia na kukokotolea, menyu zake zote kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu chanzo kilikuwa wazi. Hakuna aliyelazimika kuisubiri kampuni iamue kama Kiswahili kina soko. Waliotafsiri istilahi katika miaka hiyo walituachia, au walitusambazia, maneno ambayo leo tunayatumia bila kuyatazama. Pakua, tulilokuwa tukilitumia kwa wali wa kwenye sufuria na shehena ya kwenye jahazi. Na kusakinisha. Hili la mwisho ndilo linalonishika. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya makao. Nduguye ni maskani. Kusakinisha programu basi ni kuipa makao. Waingereza wana neno linaloweza kumhusu askofu anayekalishwa kitini au bomba la maji. Sisi tuna la mtu aliyetoka safari akapewa nyumba.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, Linux iliyokusudiwa mtu wa kawaida. Toleo hilo aliliita kwa jina la ngiri, na tangu hapo kila toleo limepewa mnyama. Jina Ubuntu kalitoa kwenye lugha za Wanguni, na ni utu, ule ule wa mtu ni watu. Kinachonifurahisha ni kwamba ukivuka kwenda Burundi na Rwanda, ubuntu ni utu na ukarimu, na ukiambiwa kitu ni "ku buntu", maana yake hulipi. Kirundi na Kinyarwanda viliunganisha utu na bure kwenye mzizi mmoja zamani, kabla ya mtu yeyote kubishana kuhusu bia. Hapo bure haina mashaka, kwa sababu ina mtoaji.

Kwa miaka kadhaa kampuni ya Shuttleworth ilikuwa ikituma CD za Ubuntu kwa posta popote duniani, bila malipo hata ya stempu. Yangu ilifika kwenye sanduku la posta mwaka 2007, ikiwa na picha ya watu wameshikana mikono. Niliisakinisha, nikaipenda, na nimeandikia humo karibu kila nilichoandika tangu wakati ule. Lakini niliowagawia wengi hawakuihitaji. Sababu haikuwa ujinga wala uvivu. Windows ya kuchakachua waliyopigiwa na fundi ilikuwa nayo ni bure, au karibu na bure, na mtaani kulikuwa na watu kumi wa kuitengeneza ikizingua. Hoja ya bei, ambayo Ulaya ilikuwa na nguvu, hapa haikuwa na meno. Hoja ya uhuru ingeweza kuwa nayo. Ila sisi wenye CD mkononi tulizoea kuitanguliza bure, kwa kuwa ndilo neno lililotafsirika haraka.

Halafu, kati ya 2008 na leo, kundi kubwa kuliko yote likavuka mto, na hakuna aliyesikia vishindo. Android, iliyoanza kuuzwa kwenye simu mwaka 2008, imejengwa juu ya kiini cha Linux. Simu ya muuza mchicha, simu ya bodaboda, simu yako unayosomea hapa kama si iPhone, ndani yake kuna mtoto wa ule mchezo wa Helsinki. Mamilioni ya watu wetu ambao kompyuta yao ya kwanza ni simu hawakuwahi hata kukaa Windows. Hakuna aliyeokoka. Hakuna aliyefuta diski. Hakuna neno la mtaani lililozaliwa kwa ajili ya tukio hilo, na kwa mtu wa maneno ukimya huo ni habari kubwa.

Maneno yetu matatu sasa yanaweza kuipima simu hiyo. Ni bure? Ndiyo, mfumo wenyewe hulipii. Ni huria? Kwa sehemu kubwa, chanzo cha msingi kiko wazi. Mwenye simu ni huru? Jaribu kuzitoa programu zilizokuja nayo. Jaribu kuendelea kupata masasisho ya usalama mtengenezaji akishaamua kwamba toleo lako limezeeka. Chanzo kimefunguka, aliyeshika simu bado anaomba ruhusa. Stallman alilalamikia jambo hilo mapema, na aliposema kwa Kiingereza wengi walidhani analalamikia bei.

Hata Microsoft imehama, kwa namna yake. Ballmer aliyeifananisha Linux na saratani mwaka 2001 amekwisha ondoka, na tangu 2016 kampuni hiyo imeiweka Linux ndani ya Windows yenyewe, kwa ajili ya waandishi wa programu. Vita takatifu vimekwisha, angalau kwenye makao makuu. Wakati huo huo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima, zinazofanya kazi, hazikidhi masharti ya Windows 11. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilikwisha tangaza mwaka 2024 kwamba kompyuta zake 30,000 zitaondoka kwa Microsoft. Kwa hiyo neno hama linasikika tena, na safari hii litafika kwenye shule na ofisi zetu ndogo zenye kompyuta za mtumba.

Litakapofika, nadhani tuliokaa upande huu tusianze na ushuhuda. Tuanze na kauli ya kitenzi. Mwalimu mwenye kompyuta ishirini ambazo kampuni ya mbali imesema zimezeeka, tayari amehamishwa, hajaombwa maoni. Akipewa Linux na mtu anayejua kuisakinisha kisha anaondoka na gari lake, amehamishwa mara ya pili. Atakuwa amehama siku ambayo yeye, au kijana mmoja pale shuleni, anaweza kuifungua, akaona kilichomo, akakitengeneza kikiharibika, na akarudi alikotoka akiona hapafai. Hiyo kazi ni ndefu na haina nuru kichwani. Lakini kusakini huwa ni kwa hivyo. Mtu hajafika mpaka ajue kisima kiko wapi.